Uso wa Kinyozi

Mwanangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si padri, wala yule rafiki yangu wa bwenini niliyezoea kumwambia kila kitu. Siku uso wako ulipoanza kutoka vipele, nilifurahi.

Nilikuwa naosha vyombo uani. Ulitoka ndani na taulo begani, ukasimama mbele ya kile kioo ulichokitundika kwenye nguzo, ukashika pua, ukashika mashavu, kisha ukaniita. "Mama, hebu njoo uone. Hapa kuna nini?" Nikaja na mikono yenye povu. Vilikuwa vipele vidogo vyenye vichwa, vimeanzia pembeni mwa pua na kushuka hadi kidevuni, kama vya mvulana anayebalehe. Nikakujibu, "Sijui." Nilijua. Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikauma upindo wa kanga nisisikike, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Usikasirike kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike ukitaka.

Najua pia kwamba neno "mwanangu" limekuchekesha. Lakini ulianza wewe. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Leokadia, na tangu siku hiyo hujaniita mwanao hata mara moja. Unaniita mama. Mama naye, kwa kuwa nimebeba jina la mkwewe, ananiita mama mkwe, hasa nikichelewa kuamka. "Mama mkwe, jua limeshafika Msamala, wewe bado umelala hapa Matogoro!" Na kila asubuhi wewe unaniamkia. Mtu mzima mwenye mvi unasimama mlangoni, unasema, "Shikamoo, mama," halafu unangoja.

Sijawahi kuitikia. Naona aibu. Nainamisha kichwa, nacheka kidogo, napita ubavuni mwako kama paka. Siku uliyokuja shuleni kwenye mkutano wa wazazi ukaniamkia mbele ya darasa zima, nikakimbilia bwenini nikajifunika shuka. Baada ya hapo nilikuomba usiniamkie tena mbele za watu. Ukasema, "Sawa, mama, nimesikia." Na kweli hukurudia. Lakini niliuona uso wako ulivyobadilika kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa kitu kidogo anachokipenda.

Leo nataka kulitumia jina nililopewa. Kwa mdomo siwezi, unanijua. Ninyi mmekwenda kwenye jumuiya, wanakuombea safari ya kesho ya hospitali, na mimi nimebaki nachunga maharage jikoni. Maharage haya ya Mbinga ni magumu. Nitaandika mpaka yaive.

Sitakuagiza mambo ya njiani. Sweta, maji, kutokubali chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi, kumpigia shangazi kabla hujafika Dar, hayo yote mama ameshakuagiza, na ataendelea kukuagiza mpaka dereva apige honi. Mimi nataka kukusimulia yale uliyokuwepo yakisemwa lakini hukuyasikia.

Unakumbuka chumba kile cha kliniki kule Dar, mara ya kwanza tulipokwenda pamoja? Palikuwa na feni inayolia, na dirisha linalotazama ukuta. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini, ambaye alikusalimia kabla hajakaa. Akakueleza kwamba uvimbe ulio kwenye pafu lako umepimwa, na kwamba umeonekana ni wa aina inayoweza kutulizwa na vidonge vya kumeza nyumbani. Ulimsikiliza vizuri. Kisha ukamwuliza swali moja tu.

"Daktari, nikimeza hivi, mikono itatetemeka? Mimi ni kinyozi."

"Mikono haitatetemeka, mzee."

"Basi nipe."

Hapo ukaondoka. Mwili ulibaki kwenye kiti, macho yakabaki kwenye ule ukuta wa nje, lakini wewe uliondoka. Mimi natambua mtu akiondoka hivyo kwa sababu na mimi huwa naondoka. Daktari naye alitambua, akanigeukia.

Alisema hivi. Seli za mwili zina masikio kwa nje. Mwili ukitaka kidonda kifunge, au ngozi mpya iote mahali pa ile iliyochakaa, unatuma neno: kueni. Seli inasikia, inakua, inagawanyika. Kazi ikiisha, neno linakoma na seli inatulia. Kwenye uvimbe wako sikio limeharibika. Linasikia "kueni, kueni" hata pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Kidonge kinaingia ndani ya seli na kuziba mahali ambapo neno hilo hupita, na seli zikikosa kulisikia, nyingine hutulia na nyingine hufa.

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "Na majirani zake?"

"Majirani gani?"

"Zile nyama zinazouzunguka."

Akaegemea kiti, akaniambia kwamba uvimbe hauishi peke yake. Una tabia ya kuita. Unaita mishipa ya damu ije upande wake ili iulishe. Unazishawishi seli za jirani, ambazo zenyewe ni nzima, ziujengee ukuta na kuupelekea vitu vya kukulia. Hata askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, unawapoza wapite mbali. Kwa hiyo dawa ikiuziba uvimbe sikio, mara nyingi na ule wito wake kwa majirani hufifia. Lakini majirani wengine, akasema, wanaweza kuzificha seli chache na kuzinong'oneza neno kwa njia nyingine. Ndiyo maana dawa hii hutuliza kwa muda, na hakuna anayeweza kusema muda huo ni mrefu kiasi gani. Ndiyo maana kila baada ya kipindi lazima upigwe picha ya kifua.

Nilipokuwa namsikiliza nilimkumbuka bibi, huyu niliyepewa jina lake, na hadithi yake ya yule bwana wa Namtumbo aliyekuwa akialika watu kulima shambani kwake. Unaijua. Alikuwa anapika pombe ya kangala, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanarudi nyumbani. Ni desturi nzuri, kila mtu humwalika mwenzake kwa zamu. Lakini yule bwana alialika tu. Yeye hakwenda kwa mtu. Shamba lake likapanuka likameza njia ya kisimani, likameza na makaburi, na waliolilima walikuwa ni majirani zake wenyewe, watu wema kabisa, ambao mashamba yao yaliota majani. Bibi alikuwa akimaliza kwa kusema, "Hakuwa na nguvu yule. Alikuwa na pombe." Ndivyo nilivyouelewa uvimbe wako, mwanangu. Hauna nguvu. Una mwaliko.

Sasa sikiliza jambo la mwisho alilolisema daktari, maana hapo ndipo penye siri yangu. Alisema, "Ngozi ya uso, kucha, nywele na utumbo vina masikio ya aina hiyo hiyo. Hayo ni mazima, na yanafanya kazi kila siku. Kidonge hakijui kubagua vizuri, kitaziba na hayo. Kwa hiyo mzee atatoka vipele. Msishtuke. Vikitoka, mara nyingi ni dalili kwamba dawa inafika. Si kwa kila mtu, na wala si kipimo. Kipimo ni picha. Lakini ni dalili."

Kwa hiyo siku ile pale kwenye kioo, wewe uliona uso umeharibika. Mimi niliona mlango umegongwa na mtu tuliyekuwa tunamngoja.

Usiku wake niliota. Niliota natembea ndani ya kifua chako. Hapakuwa na giza kama nilivyodhani. Palikuwa na mwanga wa kijivu kama ule wa asubuhi huku Matogoro ukungu unaposhuka mlimani na miti inaonekana nusu nusu. Njia ilikuwa laini, inapanda na kushuka taratibu kwa sababu ulikuwa unapumua. Nikafika kwenye shamba kubwa. Watu wengi walikuwa wamesimama wameshika majembe, hawalimi. Wanatazamana. Mmoja akaniuliza, "Dada, wewe umemsikia akituita leo?" Nikamjibu sijasikia. Akasema, "Hata sisi." Akaweka jembe begani akaanza kurudi kwake, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele, kama watu wanaotoka kanisani. Nikabaki nimesimama. Nyasi zilikuwa zinaota polepole kwenye matuta, na kwa mbali nikasikia maji, nikajua njia ya kisimani imefunguka.

Niliamka nikakusikia unaimba bafuni. Ulikuwa hujaimba muda mrefu. Ulikuwa ukianza mstari kikohozi kinaukata katikati, unaacha. Asubuhi ile uliimba wimbo mzima wa kwaya, hata ile sehemu ya sauti ya nne unayoikosea siku zote, na uliikosea vilevile. Mama alikuwa anachochea uji. Akasimamisha mwiko hewani akanitazama.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayaona mimi. Kifua kinatulia, uso unawaka. Unapanda kilima cha shambani bila kusimama kushika kiuno. Kope zako zikaanza kurefuka na kujikunja, hilo nalo ni la dawa, mpaka ukawa na macho kama ya mtoto mchanga, na wewe ukazipunguza kwa mkasi wa saluni. Mama akasema, "Jamani, mume wangu anataka kuolewa!" Tukacheka wote watatu, na wewe ukacheka kuliko sisi.

Lakini sikukaa kwenye kiti chako pale saluni. Nilikuwa nakuletea chakula cha mchana, nachukua vyombo, naondoka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba uso ninaoufurahia mimi nyumbani, wewe unaubeba kutwa nzima mbele ya kioo kikubwa, na nyuma yako wamekaa wateja kwenye benchi wanautazama.

Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa pembeni nangoja umalize kula. Mzee Athumani, rafiki yako yule wa Tunduru anayeuza korosho, alikuwa kwenye benchi kama kawaida yake, hanyolewi, anapiga soga tu.

"Kinyozi," akasema, "wewe leo nani kakunyoa?"

"Nimejinyoa mwenyewe."

"Gizani?"

Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Ukamjibu, "Nilikuwa nafanya majaribio. Kichwa chako ndicho kinachofuata." Wakacheka tena. Ulikuwa umemfunga shuka yule kijana wa bodaboda, umeshawasha mashine, inaunguruma. Nilimwona kwenye kioo. Aliutazama uso wako, akaitazama mashine, akautazama tena uso wako. Kisha akafungua ile shuka shingoni mwake taratibu, kwa adabu kabisa.

"Baba, nimekumbuka kuna abiria ananisubiri. Nitarudi kesho."

"Karibu, kijana wangu."

Hakurudi kesho. Nilijua hatarudi, na wewe ulijua. Ulikung'uta ile shuka mlangoni kama ambavyo hukung'utwa ikijaa nywele. Haikuwa na unywele hata mmoja. Mzee Athumani aliacha kucheka. Akasema polepole, "Ndugu yangu, lakini umeenda hospitali?" Wewe ukazima mashine na kuanza kuisafisha kwa brashi.

Nilikuwa na maneno mdomoni, mwanangu. Nilitaka kusimama na kusema, "Hii ni dawa, haiambukizi, haikutoka kwenye mashine, na kifua chake kimeanza kupona." Yalikuwa maneno machache. Nikayameza, nikakusanya vyombo. Nilijiambia kwamba binti hasemi mbele ya wateja wa baba yake. Njiani kurudi nyumbani niliyasema yote kwa sauti, peke yangu, mpaka mama mmoja anayeuza nyanya akanitazama vibaya. Nimegundua kwamba aibu hupenda kuvaa nguo ya heshima. Inavaa vizuri mpaka mwenyewe hajitambui.

Jioni ile ndipo ulipofanya jambo ambalo kinyozi peke yake angelifanya. Ulichukua spiriti, ileile unayowapaka wateja kidevuni baada ya kunyoa, ukamimina kiganjani, ukajipaka uso mzima. Ulisimama pale kwenye nguzo umefumba macho, unapuliza hewa kwa uchungu. Nikakuambia, "Daktari alisema spiriti hapana. Alisema mafuta laini yasiyo na manukato, na kukwepa jua." Nilisema, lakini unaijua sauti yangu.

"Mama," ukaniambia, bado umefumba macho, "mimi nimetibu vipele vya ndevu vya mji mzima huu."

Ni kweli, umevitibu. Lakini vile ni vya ndevu. Vile hutoka unywele ukirudi ndani ya ngozi na uchafu ukaingia, na spiriti inaua ule uchafu. Hivi vyako si uchafu. Ni ngozi iliyonyimwa lile neno la kukua, inashindwa kujijenga haraka, imekuwa nyembamba na kavu. Wewe ukaipaka moto. Kesho yake ikapasuka. Ukaongeza spiriti. Ikatoka magamba, kidevu kikavuja maji, na wewe ukakilaumu kidonge. Hukujua kwamba nusu ya uso ule ilikuwa ni ya dawa na nusu ilikuwa ni ya chupa yako mwenyewe. Ningekuwa na sauti ya bibi ungekijua kitu hicho siku ileile.

Kisha ikaja Jumapili. Tulikuwa tunakula, ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga. Ukaweka tonge chini.

"Vidonge nimeviacha," ukasema. "Nikifika Dar nitamwambia daktari anipe vingine visivyoharibu uso."

Mama akasema, "Lakini kifua, Baba Leo, si kimetulia?"

"Kifua nani anakiona? Nakifunika na shati. Uso ndio kibao cha duka langu. Nani anakula kwa mpishi anayetapika?"

"Watu watarudi."

"Watarudi lini? Nikishazikwa wataniletea vichwa vyao kaburini niwanyoe?"

Mama akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya utani, macho yake hayakuwa ya utani. "Mama mkwe, ongea na mwanao."

Na wewe ukanitazama. Nimeuwaza mtazamo ule tangu Jumapili. Naamini ulikuwa unangoja. Naamini kama ningefungua mdomo ungenisikia, si kwa sababu nimesoma, wala kwa sababu nilikuwepo kliniki, ila kwa sababu nyumba hii ina mtu mmoja tu unayemwamkia kila asubuhi. Nikachota likolo. Nikasema, "Chumvi imezidi kidogo." Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Chumvi haikuwa imezidi.

Basi sasa naongea.

Nakumbuka jambo, ingawa sikuwepo. Bibi alinisimulia mara nyingi mpaka likawa langu, na leo nitalisimulia kama yeye, kwa sababu nimelibeba jina lake. Ulikuwa mdogo, tuliishi Namtumbo, msimu wa kukausha tumbaku. Ukashikwa na tetekuwanga. Mwili wote ulijaa malengelenge, hata kwenye kope. Nikakufunga mgongoni kukupeleka zahanati ya misheni. Nikakufunika kanga mbili, kichwa mpaka miguu, watu wasikuone. Ulilia njia nzima. Nilidhani unalia kwa malengelenge. Tulipofika gulioni, mama mmoja akainua ncha ya kanga, akapiga yowe, watu wakasogea nyuma. Nikakasirika. Nikazivua kanga zote mbili, nikakuweka mbele yangu juani, nikasema, "Huyu ni mwanangu. Ana tetekuwanga. Mwogopeni kwa watoto wenu, sawa, lakini mtazameni, mtazameni mpaka mmalize, kisha mtupishe njia." Wakatazama. Wakamaliza. Wakatupisha. Na wewe ukaacha kulia. Ulikuwa unalia kwa kufunikwa. Ulikuwa unakosa hewa.

Bibi alipofika hapo alikuwa anacheka na kufuta macho. "Nilimfunika kwa mapenzi," alikuwa akisema, "karibu nimwue."

Watu wengi walisema mengi kuhusu ugonjwa wako. Wapo waliosema ulitoka kwenye lile banda la kukaushia tumbaku ulilolala utotoni, wapo waliosema ulikuwa unavuta kwa siri. Hujawahi kuvuta, na daktari alisema aina hii huwapata hata wasiovuta, na hakuna anayeweza kuonyesha ilikoanzia. Wameshasema. Wameshatazama. Nadhani wanakaribia kumaliza.

Vidonge viko pale ulipoviweka Jumapili, nyuma ya kopo la sukari juu ya kabati. Sijavigusa. Leo mchana nilivishika mkononi, nikafungua begi lako, nikafikiria kuvipenyeza katikati ya soksi. Kisha nikavirudisha. Ningevipenyeza ningekuwa nimekufunika kanga tena. Nataka uvichukue kwa mkono wako, ukijua ni nini.

Ukifika, mwambie daktari ukweli wote. Mwambie siku ulizoacha. Mwambie habari za spiriti, hatacheka, na kama akicheka atacheka kidogo. Alisema mwenyewe kwamba uso ukizidi kuwa mbaya yeye ana namna: anaweza kupunguza kipimo, anaweza kusimamisha kwa siku chache kisha akarudisha, anaweza kukupa dawa ya kupaka. Kupunguza ni kazi yake. Usimnyang'anye kazi, wewe hupendi mteja anayekushika mkono wakati unanyoa. Na kama picha itaonyesha kwamba uvimbe umepata njia nyingine, majirani wameusaidia, dawa imechoka, basi tutakuwa tumejua hivyo kwa picha, si kwa kioo cha kwenye nguzo. Hilo nalo tutalibeba. Siwezi kukuahidi kwamba utapona. Daktari hakuahidi, na mimi siko juu yake. Ninachokijua ni kwamba uliimba wimbo mzima, na mimi nataka kukusikia ukiikosea ile sauti ya nne kwa muda wote unaowezekana.

Maharage yameanza kunukia. Nawasikia mbwa wa jirani, nadhani mnarudi.

Barua hii naiweka ndani ya kofia yako ya pama, kwa sababu najua hutatoka bila kofia, na kwa sababu jua ni adui wa uso wako sasa. Utaikuta alfajiri. Utakuwa na muda wa kuisoma wakati mama anatafuta sweta ambalo umeshalivaa.

Halafu tutakwenda stendi wote watatu. Nimefikiria namna ya kunijibu bila maneno mengi, maana na wewe ukiwa na mzigo moyoni huwa huongei. Kama umeviacha vidonge nyuma ya kopo la sukari, niambie tu "kwaheri" kama watu wengine wanavyoambiana, nitaelewa, na bado nitakupungia mkono mpaka basi likate kona. Lakini kama umevichukua, niamkie. Pale pale, mbele ya wapiga debe na wauza karanga na abiria wote, na uso wako ukiwa wazi. Sema, "Shikamoo, mama." Sema kwa sauti, kisha ungoje kama unavyongojaga. Safari hii sitainamisha kichwa. Nitaitikia marahaba, mwanangu, na nitaitikia kwa sauti ambayo hata mimi sijawahi kuisikia. Watatutazama. Waache watazame mpaka wamalize.

Ila lile la mwanzo, kwamba wewe uliumia mimi nikawa nacheka nyuma ya banda la kuku, nakuomba usimwambie mama, wala shangazi, wala Mzee Athumani, hata siku mtakayokuwa mnacheka yote haya. Hilo libaki kati yangu na wewe.

Mama yako,
Leokadia